Ghuba Isiyotajwa

Mayala wa Buhongwa hakuwa mvuvi, na wavuvi wa Kigongo hawakuchoka kumkumbusha. Alikulia kwenye boma la ng'ombe, na hata baada ya miaka kumi na miwili ya kufanya kazi ufukweni bado alipanda mtumbwi kwa kung'ang'ania kingo kwa mikono miwili, macho kafumba. Lakini pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, hakuna aliyewajua samaki kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa kuwapima. Kituo cha utafiti cha mjini kilimpa ubao wenye alama za sentimita, mizani ya kuning'iniza na bunda la fomu. Kila asubuhi aliwalaza sangara na sato juu ya ubao, akaandika urefu, uzito, dume au jike, ana mayai au hana. Mwisho wa fomu palikuwa na nafasi ya kujaza samaki amevuliwa wapi, na hapo ndipo balaa lake lilipoanzia.

Mvuvi wa kule hasemi alikovua. Ukimuuliza atakujibu "majini," na ukirudia atakutazama kama umemuuliza habari za chumbani kwake. Usidhani ni uchoyo. Ni adabu: mahali panapokulisha hupatangazi mbele za watu. Mayala, mtu wa zizi na kwato, hakulijua hilo alipoanza kazi mwaka 1984, akauliza kwa sauti kubwa mwalo mzima ukasikia. Walimcheka wiki nzima. Aliyemwonea huruma ni Maige, mvuvi mwenye nyavu zake, ambaye mwaka huo huo alimpa binti yake Selina awe mke. Maige ndiye aliyekuwa akimvuta pembeni na kumnong'oneza kila mtumbwi umetoka wapi. Mahali pamoja tu alipakatalia.

"Kwingine kote nitakutajia, mkwe wangu," alimwambia. "Nyashinge usiiandike. Ukimpata samaki wa Nyashinge, andika ziwa kuu."

Nyashinge ilikuwa ghuba ndogo nyuma ya kona ya mawe, kusini mwa kivuko cha Kigongo. Nyumba sita tu zilivua humo, tena kwa zamu na kwa nyavu za macho makubwa, na hakuna aliyeitaja kwa jina. Wewe ungemkatalia baba mkwe wako? Kwao Mayala hata kukaa naye mkeka mmoja ni shida, sembuse kumbishia. Akasema, "Sawa, baba," na tangu siku hiyo kila samaki wa Nyashinge akawa samaki wa ziwa kuu.

Mwanzoni ulikuwa uongo mdogo kwenye ziwa kubwa. Kisha ziwa likageuka. Furu, samaki wadogo ambao Mayala alizoea kuwaandika aina kwa aina mpaka kalamu inaishiwa wino, walikwisha mmoja baada ya mwingine tumboni mwa sangara. Maji yakawa ya kijani. Halafu yakaja magugu maji, yakafunika fukwe zote za Kigongo kwa mazulia yaliyooza kwa chini na kunuka kwa juu. Wataalamu mjini walikuwa wakijiuliza sato wamekwenda wapi. Mayala alijua. Walikuwa wamehama. Huko walikozoea kuzalia hapakukalika tena, wakajazana Nyashinge, ambako upepo wa kwenye mawe uliyasukuma magugu nje. Kufikia mwaka 1995, karibu kila sato jike aliyelazwa kwenye ubao wake akiwa na watoto mdomoni, maana sato huwalea watoto wake mdomoni, alikuwa ametoka Nyashinge. Na Mayala akaandika ziwa kuu. Aliandika hivyo huku akiona aibu, lakini aliandika.

Mwaka uliofuata kampuni moja ya minofu ikaomba kiwanja pale pale Nyashinge. Ndiyo ilikuwa miaka ya soko huria, kila mwenye mtaji alitaka kiwanda ziwani, na hiki kingekuja na gati lake na bomba la maji machafu. Wilaya ikaandikia kituo: je, ghuba hiyo ni mazalia ya samaki?

Dokta Mutalemwa, mkuu wa kitengo, alimwita Mayala ofisini. Alikuwa mtu wa Bukoba, shati limenyooka, moyo wake safi. Alimfungulia soda kwa mkono wake mwenyewe.

"Mayala, wewe ndiye umetujibia hili swali," alisema akimwonyesha grafu. "Miaka kumi na miwili, na hakuna hata samaki mmoja wa Nyashinge. Shahada yangu yenyewe imesimama juu ya hesabu zako, unajua hilo?"

Soda ilimpalia Mayala. Mwaka ule watumishi wa serikali walikuwa wakipunguzwa, majina yanabandikwa ukutani, na mtu alitafutiwa sababu hata ya kuchelewa. Akisema, kazi imekwenda, na jina la Dokta limechafuka. Akinyamaza, ghuba imekwenda, na sato hawana pengine pa kuhamia. Aliaga akatoka, akaenda moja kwa moja kwa mkwewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamesema nini?"

"Wanajenga. Dawa ni moja tu. Niitaje."

"Usiitaje," alisema Mzee Maige.

"Basi watajenga, baba."

"Wasijenge. Fanya namna."

Namna gani, hakusema. Mayala alitaka kupiga kelele. Alimpenda mzee yule, na siku ile alimchukia vilevile, na vyote viwili ilibidi avimeze kwa sababu mkwe hapandishi sauti. Kwa siku nne Selina alimwekea ugali na kuuondoa ulivyo.

Mkutano wa hadhara ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Walikuwepo watu wa kata, viongozi, mabwana wa kampuni, na wenye mitumbwi kutoka Busisi, ng'ambo ya kivuko, waliokuja kusikia ajira zitagawanywaje. Dokta Mutalemwa akasoma taarifa yake: Nyashinge si mazalia. Mayala alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuinuka.

"Si kweli," alisema. "Kosa ni langu. Samaki wenye mayai niliowaandika ziwa kuu wametoka Nyashinge."

Dokta alivua miwani. "Ulikuwa unanidanganya miaka kumi na miwili, Mayala, au unadanganya leo?"

Swali lilikuwa la haki, na ndilo lililomponza. Ili aaminike, Mayala alitoa kila kitu. Alisema sato wanachimba viota upande gani wa mawe, kina cha maji ni kiasi gani, mwezi gani majike wanajaa, saa ngapi wanasogea ufukweni kutema watoto. Maneno ya miaka kumi na miwili yalimtoka bila breki, na kusema kweli alijisikia vizuri. Dokta aliandika. Wa kata wakaandika. Wa Busisi hawakuandika chochote. Walisikiliza tu.

Ombi la kiwanja likasimamishwa. Dokta alimwita kando, macho mekundu. "Nikikufukuza itabidi niseme sababu, na nikisema sababu mimi nimekwisha. Rudi kwenye ubao wako. Safari hii uandike ukweli." Mayala akarudi nyumbani mwepesi, akala sahani mbili. Ghuba imepona, kazi imebaki. Furaha hiyo ilidumu siku mbili.

Siku ya tatu yalikuja makokoro tisa kutoka ng'ambo, zile nyavu za kukokota zinazozoa mpaka matope. Walijua upande wa mawe, walijua kina, walijua saa. Nyumba sita hazikuweza kuwazuia watu mia. Kufikia saa nne asubuhi mitumbwi yao ilijaa, ikaja kushusha mwaloni, na mpimaji alikuwa Mayala. Aliwalaza majike kwenye ubao mmoja mmoja, na kila alipowagusa taya, watoto wadogo kama punje za mtama walimwagika kwenye mikono yake, wamekufa. Mmoja wa wageni, kijana mchangamfu asiye na baya, alichagua sato wawili wakubwa, akawafunga kwa ukindu, akamkabidhi.

"Hawa ni wako, mzee. Bila wewe tungepajulia wapi?"

Zawadi ya samaki haikataliwi mwaloni. Mayala akawapokea. Njia ya kwenda kwake ilipita mlangoni kwa mkwewe, na Mzee Maige alikuwa amekaa kizingitini.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Alinyoosha mkono, akampokea samaki mmoja, akampanua mdomo kwa kidole gumba. Watoto waliobaki mle wakamdondokea kwenye kiganja.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuficha," alisema. "Kosa ni langu, wala sikulaumu. Lakini usipite hapa tena, Mayala. Macho yangu hayawezi."

Mkwe hakatai. Njia nyingine ya kwenda mwaloni haikuwepo, isipokuwa kushukia ufukweni na kuyakata magugu maji kwa miguu. Mayala alifanya kazi ile miaka mingine sita, na kila asubuhi Selina alimwona akishuka na ubao kichwani, suruali kaikunja mpaka mapajani, akiivuta miguu kwenye matope.