Jibu la Hasi Nililolifuta kwa Kiatu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika darasa la jioni la watu wazima pale Kharumwa, nilikuta wanafunzi wenye mikono mikubwa hata kalamu ilipotelea vidoleni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimehitimu darasa kama hilo juzi tu, cheti bado kina joto. Mkuu wa Kituo alinipa chaki fupi kuliko kucha, na agizo moja: "Kijana, usiruke hatua. Mtu mzima ukimrukisha hatua moja, kesho humwoni."

Basi sikuruka. Unahamisha, unagawa, halafu unatafuta kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe inakurudishia ile uliyonayo. Hapo majibu huwa mawili, la chanya na la hasi. Swali likihusu muda, nilisema kwa mbwembwe: "La hasi tupa. Hakuna muda wa kabla ya kuanza." Nimetupa majibu ya hasi ya kujaza malori saba.

Baadaye nikahamishiwa Nyarugusu. Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote alikuwa Mama Kulwa, mpishi wa wachimbaji. Alishafika kwenye difrensiesheni, hesabu ya kujua kitu kinabadilika kwa kasi gani. Alasiri moja alikuja kabla ya kipindi, unga ungali mikononi, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwalimu. Duara limetitia. Kaka yangu Masanja yumo, na Msimamizi anataka kulifukia."

Duara ndilo shimo la dhahabu. Tulikuta matimba, magogo ya kushikilia kuta, yamelala ovyo. Msimamizi wa Duara, mtu ambaye tumbo lake lilikuwa likifika dakika tano kabla yake, alinitazama.

"Mita arobaini na tano, mwalimu. Nadhani kifusi kimejaa. Nikishusha vijana, nitazika na wengine. Hesabu zako zinasemaje?"

Nikaamua tudondoshe jiwe, tupime muda wa kuanguka kwake. Masanja alikuwa kwenye njia ya pembeni huko chini, kwa hiyo halingemwangukia. Nikachora mchangani. Kina ni tano mara muda mara muda: 5t² = 45. Gawa kwa tano: t² = 9. Kwa hiyo t ni 3, au −3. Nikalifuta la hasi kwa kiatu.

"Jiwe likitumia sekunde tatu, chini ni wazi. Likiwahi, ni kifusi."

"Na kasi yake ni kumi mara muda," Mama Kulwa akasema polepole. "Mita thelathini kwa sekunde. Masanja asichungulie tu."

Akalishika jiwe juu ya mdomo wa duara. Nikahesabu kwa mwendo wa sekunde: "Moja, mbili, tatu, achia."

Nilipotamka moja, chini paligonga. Jiwe lilikuwa bado mkononi mwake. Alipoliachia, likatua mapema mno. Hata sekunde mbili hazikutimia.

"Kifusi," Msimamizi akasema. "Leteni makoleo tufukie."

"Na mlio wa kwanza?" Mama Kulwa akauliza.

"Kokoto imeteleza," nikamjibu. "Achana nao."

Akaonyesha alama ya kiatu changu. "Mwalimu, sifuri ni pale jiwe linapoachwa. Tatu nyuma ya sifuri ni pale uliposema moja. Jibu hilo umelifuta wewe."

Nywele zilinisimama, hata zile zilizokwisha nyonyoka. Nikahesabu tena, safari hii hakuna aliyeshika jiwe. Niliposema moja, chini paligonga.

Msimamizi alivua kofia. "Hakuna kufukia. Kuna mtu hai anagonga. Shusheni kamba."

Walichimba mpaka adhuhuri ya kesho yake. Masanja akatoka hai, mikono yote miwili imevimba kwa kubanwa na gogo. Dada yake alimnywesha maji, naye akanong'ona shukrani, "Wabeja." Nikamuuliza alikuwa akigonga na nini.

"Sikugonga, mwalimu. Ningegonga na nini? Nilidhani ni nyie. Lakini mlio ulikuwa ukitoka nyuma yangu. Na nyuma yangu palikuwa mwamba mtupu."

Msimamizi aliamuru duara lifungwe siku hiyohiyo. Hakuna aliyebisha, na kwa machimbo yale, hilo ni ajabu la pili.

Sasa nimestaafu, naishi karibu na Mwadui. Walimu vijana huja na madaftari yao, tunakunywa chai, nawatania kwamba aljebra niliivumbua mimi. Wakifika kwenye jibu la hasi, huniuliza, "Mzee, hili tutupe?"

Nawaambia waandike yote mawili. Halafu wanyamaze kidogo, wasikilize.