Karabai Sita Kutoka Uchina

Mtu wa machimbo ya Osiri aliingia dukani kwangu Migori saa nne asubuhi, mkono mmoja umefungwa kipande cha leso hadi kwenye kiwiko, na mkono wa pili umeshika karabai niliyomuuzia mwenyewe. Hakunisalimu. Aliiweka juu ya kaunta.

"Mama, taa yako imetema moto. Nilikuwa naipiga pampu nje ya shimo la dhahabu. Ingekuwa ndani, saa hii tusingekuwa tunaongea."

Mimi nina mdomo, soko zima lilijua. Siku nyingine ningemuuliza kama alidhani anajaza upepo gurudumu la trekta. Siku hiyo niliutazama mkono wake uliofungwa. Nilichukua beseni, nikalijaza maji, nikaipiga ile karabai pampu na kuizamisha vile fundi wa baiskeli anavyozamisha tyubu. Viputo vikaanza kutoka kwenye mshono wa chini wa tangi. Nikafungua katoni nyingine, nikapima mpya kabisa: viputo. Ya tatu ikanyamaza, nikasema asante Mungu. Ya nne ikatoa viputo huku na huku. Yule mtu nilimpa pesa yake na ya hospitali bila kubishana, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika duka lile.

Halafu nikakumbuka giza. Yawa!

Kwetu Homa Bay, nilikozaliwa, omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu na kukopa unga. Giza likirudi wanatoka, taa zimefungwa juu ya vyelezo vidogo vya mbao, zinaelea zikivuta omena, na kila mara mtu anainama kuzipiga pampu zikiwa bado moto. Usiku wa kwanza wa giza ulikuwa usiku wa siku hiyo. Na ndugu yangu mdogo, aliyenifuata mgongoni kwa mama, alikuwa na karabai zangu sita ndani ya mashua moja, yeye na wenzake watatu. Hajui kuogelea. Wengi wao hawajui, na ukiwauliza wanacheka.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ufukweni kwao hakukuwa na simu. Nikavuka barabara kwa jirani yangu, Mwislamu wa pwani aliyekuwa na duka la chupa za chai na vyombo vya nyumbani. Yeye ndiye aliyenionyesha njia ya Uchina. Alikuwa na mashine ya faksi, alikuwa na kitabu cha picha za bidhaa, na kontena lake lilikuwa na nafasi ya katoni zangu. Mimi nilichagua picha, yeye akaandika Kiingereza. Muuzaji wa huko alitutumia karabai moja ya mfano, nzito, tangi lake ukiligonga linalia ngoo. Niliiwasha dukani wiki nzima. Watu walikuwa wakisimama barabarani kuitazama, nami nikajiona tajiri wa Migori.

"Nipeleke na pikapu yako mpaka Homa Bay," nikamwambia. "Sasa hivi."

"Mama, leo Ijumaa. Nikishaswali tunaondoka."

"Watu watakufa!"

"Jua halizami saa saba. Tutafika."

Nikakaa ndani ya pikapu nje ya msikiti nikitafuna kucha. Kila aliyetoka mlangoni nilidhani ni yeye. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mchina, nikamkasirikia hata yule mtu wa Osiri kwa kunijia Ijumaa. Mtu mwenye hatia hutafuta wa kumgawia.

Kufika Rongo mvua ilikuwa imenyesha na lori moja limelala katikati ya barabara. Tukangoja wanaume wakichimba matope na kubishana. Hapo ndipo jirani alizima injini na kunigeukia.

"Mama, utamwambia nini ndugu yako?"

"Kwamba taa ni mbovu. Mchina ametudanganya."

"Hakutudanganya. Ile faksi nilikusomea mimi mwenyewe."

Nikatazama nje. Nilikuwa nimebana bei mara tatu, maana kubana bei ndiyo kazi ninayoijua. Mara ya tatu yule muuzaji alijibu kwamba bei hiyo inawezekana, ila itabidi tangi litengenezwe kwa bati jembamba kuliko la mfano, je, nakubali? Jirani alinisomea kwa Kiswahili, pole pole, akiwa amesimama kwenye kaunta yangu. Nami nikamwambia, "Bati ni bati. Mwambie alete."

"Usiniambie mambo hayo leo," nikamwambia.

"Mficha uchi hazai, mama," akasema, akawasha injini, kwa sababu lori lilikuwa limeinuka.

Saa kumi na moja tulifika ufukweni. Mashua ilikuwa imeshaingia majini, pua tu ndiyo iliyobaki mchangani. Taa zangu sita zilikuwa zimefungwa tayari kwenye vyelezo, zinang'aa kama sufuria za arusi. Ndugu yangu aliniona akacheka.

"Nyaminwa! Dada yangu, umekuja kutubariki?"

"Leo hamtoki. Hizo taa ni mbovu. Zinavuja, zitawaka moto."

Kicheko kikaisha. Wenzake wakatazamana.

"Jana nimewasha mbili," akasema, "zimewaka mpaka majirani zangu wakadhani ni sherehe. Mbovu kivipi?"

"Mbovu tu. Mtu wa Osiri ameungua."

"Watu wa Osiri hawajui taa. Sema ukweli. Umepata mnunuzi mwingine, unataka kuzirudisha."

"Mimi? Mimi nikufanyie hivyo?"

"Siku kumi hatujavua. Taa zangu za zamani nimewauzia watu wa kisiwa cha Mfangano kwa sababu yako. Watoto wanakunywa uji wa chumvi. Sasa unakuja jioni ya giza unaniambia 'mbovu tu'?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini kulikuwa na wanawake wa omena wamekaa na mabeseni yao, wananijua tangu utotoni, wananiita mwenye duka, na nikaona haya. Haki ya Mungu, niliona haya kuliko nilivyoona hofu. Nikabaki kusema acheni, acheni, kama mtoto. Ndugu yangu akanipa mgongo, akawaambia wenzake wasukume.

Mashua ikaanza kuteleza.

Mashua ya abiria tunapanda sote, wake kwa waume. Ya uvuvi, mwanamke hagusi hata kamba yake. Akiikanyaga, chombo hicho hakitoki siku hiyo, mpaka kioshwe na wazee waseme neno. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Nikavua viatu, nikakunja rinda, nikaingia majini hadi mapajani, nikajitupa ndani. Niliangukia nyavu. Nikasimama katikati yazo, nikazikanyaga kwa miguu yote miwili, makusudi, wote wakiniona.

Wanawake walipiga yowe. Mmoja wa wavuvi akatupa kasia na kushika kichwa. Ndugu yangu alikuja taratibu, akanibeba mgongoni kama mgonjwa, akanivusha maji na kuniweka mchangani.

"Chombo umeshakiharibu," akasema. "Giza la kwanza umelichukua. Sasa niambie ni kwa nini, mbele ya hawa."

Nikasema. Nilisema kwamba muuzaji alileta mfano mzuri, na mimi ndiye niliyembana. Kwamba aliandika wazi kuwa bati litakuwa jembamba, nikasomewa, nikaelewa, nikasema alete. Kwamba sikupima hata moja kabla ya kumpa, na yeye ni tumbo moja nami. Nilikuwa nalia lakini sikuacha kusema mpaka ikaisha.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Ndugu yangu alichuchumaa mbele yangu. "Alikupunguzia ngapi? Kwa taa moja."

"Arobaini."

"Shilingi arobaini?"

"Ndiyo."

Akageuka kuwatazama wenzake watatu waliosimama na maji yakiwatiririka miguuni, kisha akanitazama mimi.

"Taa moja ingetosha kutumaliza, na tuko wanne," akasema. "Kumi kwa kila mtu."