Kumsindikiza Nekesa

Nyie mnaoamini kwamba mnyama mnene ndiye mwenye afya, njooni hapa kijijini Kwanza, nje ya Kitale, mumwulize Mukhwana. Atawakatia maneno hapo hapo, tena bila kuwapa kiti.

Mukhwana ni mtu wa Bungoma aliyekuja Kitale akiwa kijana, kutunza farasi kwenye shamba kubwa. Shamba lilipouzwa, mwenyewe akamwachia farasi jike mmoja aliyezaliwa msimu wa mavuno, ndiyo maana anaitwa Nekesa. Jumapili Nekesa hubeba watoto mjini, na harusi ikiwapo hubeba bwana harusi. Lakini Julai mvua ikishika na baridi ikishuka kutoka Mlima Elgon, barabara huwa matope matupu. Kazi hakuna, nyasi zinafika magotini, na Nekesa ni yule mnyama ambaye hata akinusa tu majani ananenepa.

Mwaka huu shingo yake iliota nundu ngumu. Jerop, daktari wa mifugo, aliibonyeza akatikisa kichwa.

“Mzee, haya mafuta yatamharibia kwato. Akianza kuchechemea, tumechelewa.”

Mukhwana aliogopa, wacha nisiwafiche. Mamake Nekesa alikufa hivyo hivyo, Agosti moja: kwato zilimuuma akalala chini, hakuinuka tena, Mukhwana amemshika kichwa.

Basi akaanza kazi. Akamhamishia Nekesa kwenye uga wenye nyasi fupi, akamwekea nyasi kavu ndani ya wavu wa matundu madogo ili azitafune polepole, na mahindi akayapiga marufuku. Akachukua kamba, akamzungusha tumboni, akafunga fundo pale ilipokutana. Kila Jumamosi alipima. Kila Jumamosi kamba ilizidi kuwa fupi.

“Huyu anakula nini, upepo?” alifoka.

Jumapili moja akatoka kanisani mapema, akamkuta jirani yake Rosaline ameinama ugani na beseni la ukoko wa ugali, Nekesa anatafuna macho nusu yamefumba. Nyuma yake alisimama Kiplangat, jirani mwingine, na mzigo wa mabua mabichi. Na nyuma ya Kiplangat, haya, mnafikiri nani? Phelista, mke wake wa ndoa, na ndizi kwenye leso.

“Phelista! Hata wewe?”

“Sasa nifanye nini, bana? Watu wanapita wanaona mnyama anapigana na wavu. Ati kwa Mukhwana kuna njaa! Kwetu mgeni hatoki bila kula, na huyu pia amekuja kwetu.”

“Si tulimwonea tu huruma,” Rosaline akasema, beseni kaficha mgongoni.

Mukhwana alitamani kuwafukuza wote. Lakini kukataa chakula kilicholetwa nyumbani kwake, mtu wa Bungoma ataanzia wapi? Angesemwa mpaka Webuye. Akameza hasira, akaitazama ile nundu, kisha ghafla akacheka.

“Haya, Nekesa ni mgeni. Kwetu mgeni akishakula anafanyiwa nini?”

“Anasindikizwa,” Phelista akajibu kabla hajafikiri.

“Basi, atakayemlisha atamsindikiza. Mpaka mtoni na kurudi, kwa miguu, mvua iwe isiwe.”

Lo! Siku ile Rosaline alirudi na matope mpaka magotini, anahema. Kesho yake beseni likawa kiganja. Kiplangat aliacha mabua kabisa, ila matembezi yalimkolea, akawa anakuja mikono mitupu. Jioni mngewaona barabarani kundi zima, vicheko, umbea wote wa Kwanza na Suam, na Nekesa katikati anachapa mwendo.

Agosti ikapita, Nekesa bado amesimama. Septemba Jerop alirudi, akabonyeza shingo, akaikuta laini. Akashika kwato moja moja. Kamba nayo ilipozungushwa, fundo lilipitiliza.

“Amepona, mzee.”

Mukhwana akalia pale pale mbele ya majirani, na hakujali nani anaona.

Phelista akamkalisha daktari, akamletea ugali na kuku, hakumwacha mpaka sahani iwe nyeupe. Jerop aliposhukuru na kuinuka, wote wakainuka naye, kama desturi. Walipogeuka kushika njia, Nekesa alikuwa ameshafika langoni, anawangoja.