Kulalia Nguo za Mwenzako

Zamani zetu pale Ng'ambo, Tabora, pasi ya mkaa ilikuwa ya fundi cherehani na ya wenye maduka. Sisi wengine pasi yetu ilikuwa ubavu. Kama wewe ni wa rika langu huna haja ya kuelezwa: nguo ikishakauka inakunjwa vizuri, inalazwa chini ya godoro, unailalia, na asubuhi inatoka imenyooka kiasi cha kumdanganya mwalimu. Kwetu godoro lilikuwa la sufi, na kitanda Baba alikichonga mwenyewe kwa mbao za mninga, maana alikuwa seremala. Nguo iliyolala juu ya mbao zile ilitoka na harufu yake, na mpaka leo nikipita karibu na karakana ya seremala nahisi naelekea kanisani.

Mkunjaji mkuu wa nyumba hakuwa Mama, alikuwa Baba. Babu yetu, baba yake, alikuwa mpagazi enzi za misafara, akibeba mitumba ya vitambaa vya merikani kutoka pwani mpaka huku kwetu Unyanyembe. Alikufa kabla sijazaliwa, na karibu yote ninayoyajua kumhusu ni namna ya kukunja nguo. Baba alisema babu alimfundisha kwamba kitambaa kilichokunjwa ovyo kinamchoma mtu begani njia nzima. Basi sisi, ambao hatukuwahi kubeba zaidi ya debe la maji, tukawa tunakunja kama watu wanaokwenda Bagamoyo: mikono ya shati nyuma, kola juu, kila nguo ukubwa mmoja, kingo zote upande mmoja. Rundo likiinama Baba alilibomoa kwa kidole, tukaanza upya.

Kazi hiyo ilikuwa ya Jumamosi jioni. Tangu asubuhi tumefua kwa sabuni ya mche, ngozi ya vidole imekunjamana, nguo nyeupe zimetiwa buluu, na kamba ya katani uani imeelemewa. Jikoni michembe ya viazi vitamu inachemka na karanga. Huko nje wenzangu wanacheza rede, nawasikia wanavyobishana nani kaguswa na mpira wa matambara na nani hajaguswa, nami nimesimama uani nimeshika pindo la shuka. Siku moja nilimwuliza Mama faida ya kukunja ni nini, na nguo zenyewe kesho tunazivaa. Mama akitugombeza alitumia Kinyamwezi, alidai Kiswahili hakina makali ya kutosha. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, taratibu. "Basi na ugali usile, kwani kesho utasikia njaa tena."

Aliyekuwa ameshika upande wa pili wa shuka ni dada yangu Veronika. Mama alizaa watoto watano, tukabaki wasichana wawili; yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa. Shuka tulilivuta, tukalikung'uta likatoa mlio, tukasogeleana mpaka vidole vikagusana, naye kila akinifikia alikuwa na jambo la kuninong'oneza: nani kachapwa shuleni, nani kaandikiwa barua na mvulana wa wapi. Siwezi kusema nilipenda kukunja nguo. Nilipenda mashuka.

Baba alikuwa na sheria nyingine ambayo sijaikuta katika nyumba yoyote. Nguo zako za kanisani na za shule hukuruhusiwa kuzilalia mwenyewe. Zangu alizikunja na kuzilalia Veronika, zake nilizikunja na kuzilalia mimi. "Ukigaagaa," Baba alisema, "aibu ataivaa mwenzio." Hivyo ndivyo nilivyojifunza kulala chali bila kugeuka, kwa ajili ya gauni la mtu mwingine.

Mwaka Veronika alipomaliza darasa la nne, mwalimu wa parokia alitangaza kwamba masista wa shule moja ya bweni, mbali kwa treni, watakuja Jumapili baada ya misa kuchagua wasichana wachache. Watajaribiwa kusoma kitabu, watapewa hesabu, na wataangaliwa unadhifu. Baba alifurahi sana. Mama akatoa gauni jeupe la Pasaka, tukalifua peke yake, kwa maji mapya. Wote waliona shule. Mimi niliona uani kwetu, nimesimama peke yangu na shuka upande mmoja, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa fisi. Hofu hiyo sikumwambia mtu.

Jumamosi ile nililikunja gauni vibaya kwa kusudi. Nililitoa kambani kiuno chake kikiwa bado na unyevu, nikalikunja mshazari, nikakunja tena juu ya makunyanzi, kola ndani, nikalisukuma chini ya godoro kabla Baba hajaja kukagua. Halafu nililala juu yake nikigaagaa kila nilipozinduka. Watoto tuna roho mbaya, tusidanganyane, na mimi nilikuwa hodari.

Asubuhi Veronika alilivuta, akalitazama, kisha akanitazama mimi. Mikunjo ilikuwa imelikata kutoka begani mpaka kwenye pindo. Alilowesha viganja akajaribu kulinyoosha, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa lilikuwa na mabaka ya maji. Kengele ya kwanza ya misa ilikuwa imeshalia, na pasi ya kuazima isingewahi kupata moto. Mama aliingia akashika kichwa.

"Nani kakunja hili?"

"Mimi, Mama," Veronika alisema. "Jana nilikuwa na haraka."

Baba alikuwa mlangoni. Alimtazama kidogo, akageuka, akatangulia kanisani.

Hakuchaguliwa. Walichukuliwa watatu naye hakuwemo, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Pengine hesabu, pengine umri, pengine gauni. Wiki ya kwanza nilifurahi, nasema kweli. Ya pili nikagundua kwamba tukikunja mashuka Veronika hana tena la kuninong'oneza. Alisogea, akanipa pindo, akarudi nyuma. Hakunichukia; angenichukia ningejua la kufanya. Miaka mitatu baadaye aliolewa Nzega, kwa watu wa ng'ombe na pamba, na nililia mpaka wageni wakauliza nani kafa. Muda si muda wale masista walirudi, wakanichukua mimi. Gauni langu siku hiyo nililikunja na kulilalia mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Nikawa mwalimu, nikazeeka, nikajenga Ipuli, hapa hapa Tabora. Nina pasi mbili za umeme. Wajukuu wakija likizo nguo zao zinaishi kwenye kapu la plastiki. Asubuhi wanachakura kama kuku na kuvaa itakayotangulia kutoka. Suruali zao zimechanwa magotini tangu dukani, na zilizochanika zaidi ndizo za bei kubwa. Babu yangu mpagazi angewapa sindano. Mmoja wao aliniambia, kwa heshima zote, "Bibi, lakini kukunja ni kupoteza muda." Nikamwambia hata mimi niliwahi kusema hivyo. Wakiondoka nyumba inanyamaza. Nguo zangu ni za mtu mmoja, kuzikunja kunachukua muda mfupi mno, na mara nyingine nazikunjua nikaanza tena.

Veronika nilimwungamia tukiwa wazee. Nilikwenda Nzega kumjulia hali alipoanza kuugua, nikamkuta ameketi kwenye kigoda anapepeta choroko. Nikamwambia yote: ule unyevu, ule mshazari, kule kugaagaa. Nilikuwa nimelibeba jambo hilo zaidi ya miaka hamsini. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Gauni lipi, mdogo wangu?"

"Lile jeupe. Siku ya masista."

Akafikiri. "Masista nawakumbuka. Gauni silikumbuki. Nakumbuka ulivyolia siku nilipoolewa, mpaka nikataka kushuka kwenye lori."

Sijui hata leo kama alisahau kweli, au alinisitiri kama alivyonisitiri mbele ya Mama. Alifariki kabla mvua hazijaanza. Siku zile jambo likitokea Ng'ambo mtaa mzima ulikukumbukia, utake usitake, na hata ukinyamaza wewe walikuwapo wa kulisema. Siku hizi watoto wanapiga picha kila kitu, hata sahani ya chipsi, na kesho yake hakuna anayekumbuka. Baba hayupo, Mama hayupo, na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kunisamehe ameondoka akisema hajui ninazungumzia nini. Gauni lile sasa nalikumbuka peke yangu.