Projesti ameitwa darasani leo

Leo marehemu mume wangu ameitwa darasani, na mimi ndiye niliyekuwepo.

Chama chetu cha wauza ndizi hapa Isingiro kimehamishia mafunzo kwenye simu. Nafasi ya Projesti nimeirithi mimi, na asiyehudhuria ananyang'anywa kizimba sokoni. Basi nikaingia kwa simu yake.

Mwalimu, mgeni wa mjini, akasema, "Projesti, nakuona hapo. Tuambie umejifunza nini."

Nikabonyeza huku na kule. Sauti haitoki.

"Projesti, usituogope bwana!"

Ndipo Ta Kaijage, jirani yetu wa kizimba, akasema taratibu, "Mwalimu, huyo tulimzika."



Mimi jikoni napiga kelele, "Ni mimi, Adela!" Hakuna anayenisikia.

(Enzi za mafunzo ya ukumbini Projesti alikuwa akirudi na kahawa ya kutafuna mfukoni, ile waliyogawiwa. Ananipa punje moja moja, kama mtoto.)

Mwalimu akaomba radhi, kisha akaliondoa jina la marehemu. Na mimi nikatoka nalo.

Ta Kaijage amenipigia. "Ma Adela, darasa linaendelea saa kumi. Futa jina lake hapo, andika lako, nitawaambia wakuruhusu."

Amenielekeza vizuri, nimepaona pa kubonyeza.

Jamani, mliofiwa, ninyi mliwezaje?

Saa kumi kasorobo sasa. Nimefuta herufi tatu za mwisho.

Nimezirudisha.