Kiberiti Chenye Jina Langu

Wiki iliyopita nilikwenda shuleni kwa mwanangu, mtaa wa Chikongola, nikakuta watoto wamepanga foleni wanagawiwa dawa za minyoo. Kidonge kimoja, kikombe cha maji, haya nenda. Hakuna aliyepimwa. Walikuwa wanatafuna wakicheka, na mimi nimesimama mlangoni kama mwizi. Ndugu yangu, sisi tulipimwa. Ngoja nikueleze, maana hili nimekaa nalo muda mrefu.

Tuliishi kijijini, mbele ya Naliendele, nyumba imezungukwa na mikorosho. Nilikuwa darasa la tatu. Msimu wa korosho ukirudi kutoka shule unavua sare, unainama chini ya miti kuokota mpaka kiuno kinauma, mikono inanuka mabibo, yale matunda ya mkorosho, hadi ule wa kulia chakula. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka mitatu na hachezi. Ukimweka chini ya mkorosho unamkuta pale pale, anachota udongo anakula. Uso ulimvimba, viganja vilikuwa vyeupe. Bibi mzaa baba alikuwa na jibu lake: mama kambemenda mtoto. Kwetu maana yake ni kwamba alikwenda kwa mwanamume mwingine ilhali mtoto bado ananyonya, na uchafu huo ndio unaomnyausha mtoto. Bibi hakunong'ona. Alisema kisimani, alisema misibani. Baba naye akaanza kuamini, na mama alishaambiwa: korosho zikiisha arudi kwao, watoto wabaki.

Ndipo mwalimu akatangaza kwamba kesho kila mtoto aje na choo chake ndani ya kiberiti kitupu, jina juu. Anakuja mtu wa maabara. Asiyeleta, fimbo. Cheka tu, hata sisi tulicheka. Asubuhi nikachuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, hola. Wenzangu wananiita njiani. Mdogo wangu alikuwa ametoka tu kujisaidia nyuma ya jiko. Nikachota kwa kijiti, nikafunga kiberiti, nikaandika jina langu, nikakimbia.

Mtu wa maabara alikuwa mgeni wa bara, mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliweka hadubini kwenye meza ya mwalimu karibu na dirisha, kwa sababu umeme hatukuwa nao. Ilikuwa na kioo kidogo cha kudaka mwanga wa jua. Kabla ya kugusa kiberiti chochote alifungua pamba, akatoa kipande cha kioo chenye mistari ambayo kwa macho matupu hatukuiona. "Hii ni rula," alituambia. Ndani ya tundu la kuchungulia kulikuwa na mistari mingine, lakini hiyo haisemi kitu mpaka ulinganishe na rula. Akalinganisha, akahesabu, akaandika daftarini: kila mstari mmoja, mikroni mbili na nusu. Mikroni, alisema, ni milimita moja uigawe mara elfu. Sisi tulikuwa tunasukumana kwenye madawati.

Vya wenzangu vilipita upesi. Kilipofika changu aliinamia tundu muda mrefu, kisha akaita jina langu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sogea kwenye mwanga."

Akanivuta ngozi ya chini ya jicho. Alitafuta weupe, akakuta jicho jekundu la mtoto anayeshiba muhogo na samaki.

"Kiberiti hiki ni chako?"

"Ndiyo."

Akamweleza mwalimu mbele yangu. Mayai ni mengi kupita kiasi, na yanafanana na ya safura, wale minyoo wanaonyonya damu. Lakini binti huyu ana damu tele. Labda ni ya minyoo ya mbuzi. Sura ni ile ile, ila yale ni makubwa zaidi, yanafika mikroni themanini au tisini. Dawa yake ni kupima tu. Akapima: mistari ishirini na minne. Akazidisha, akapata mikroni sitini, kipimo cha safura hasa.

"Haiwezekani," akasema.

Na unajua, hakunitilia shaka mimi. Alitilia shaka chombo chake. Akaondoa mayai, akarudisha ile rula, akaanza upya. Wingu likapita, akasubiri jua litoke. Mistari arobaini ya tunduni juu ya mistari kumi ya rula, yaani mikroni mia moja, vile vile kama mwanzo. Akapima yai jingine, na jingine. Sitini tena.

"Binti, una hakika ni chako?"

"Ndiyo."

Akanyoosha mgongo, akafuta macho. "Mwalimu, chombo hiki kitakuwa kimegongwa njiani. Siwezi kuamini hata vya wengine. Tumwage vyote, nitarudi shule ikifunguliwa." Akaanza kuviangusha viberiti kwenye ndoo. Nilifurahi, sikufichi. Nilikuwa nimepona.

"Maana mwenye mayai haya," akaendelea huku anaangusha, "angekuwa hata kukimbia hawezi. Amevimba uso, anakula udongo. Huyo ukimwacha miezi miwili humkuti."

Viberiti viliendelea kudondoka. Nikasema, lakini sauti ilitoka ndogo, mwalimu akanifokea nirudie.

"Si changu. Ni cha mdogo wangu."

Mwalimu akageuka kuitafuta fimbo. Mtu wa maabara hakuniuliza kwa nini nilidanganya.

"Yuko wapi?" akauliza.

Alikuja nyumbani kwa baiskeli ya mwalimu, hadubini kifuani. Jicho la mdogo wangu lilikuwa jeupe kabisa ndani. Akaandika barua aongezwe damu hospitali ya mkoa siku hiyo hiyo. Halafu akapindua kinu, akaweka hadubini juu yake, akamwita mama achungulie.

"Ndo hawa?" mama akauliza.

"Mayai yao, mama. Wanaingilia miguuni, kwenye udongo. Hukumfanya kitu mwanao."

Baba akachungulia, akatoka kwenda kuazima baiskeli ya pili. Bibi alikataa. "Mie macho mabovu, sioni huko," akaenda kugeuza muhogo wake juani. Lile neno halikusemwa tena, wala hakuna aliyeomba radhi. Mama hakurudi kwao.

Leo mikorosho ile imekatwa, pamejengwa. Bibi ametangulia, baba pia, mwalimu sijui aliko, na mtu wa kubishana na chombo chake namna ile sijamwona tena. Mdogo wangu yuko bandarini, ana mabega mapana, hakumbuki chochote. Mama huisimulia kila Idi wajukuu wakikusanyika: jinsi nilivyosikia tu habari ya ugonjwa, nikasema papo hapo. Watoto hunitazama kwa heshima, nami nainamia sahani yangu. Hakuna shahidi aliyebaki wa kumwambia mama kwamba nilijua tangu niliposikia habari ya minyoo wanaonyonya damu, kwamba nilimjibu mtu wa maabara ndiyo mara mbili, na kwamba kwa kitambo pale mezani nilikuwa tayari kuwapoteza wote wawili, yeye na mdogo wangu, ili nisichapwe.