Vile mimi na Akinyi tulionyesha gamma-ray burst inatoka galaxy gani, na boksi ya majani chai

Wakuu, chamgei, hamjambo. Hii nilipitia mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Nilikuwa Form Three shule moja ya wasichana karibu na Sotik, miaka ya tisini ikielekea kuisha.

Mwalimu wetu wa physics alikuwa na redio ya shortwave. Asubuhi moja akaingia class akitabasamu.

"Wamepata boma," akasema.

Niwaeleze kidogo. Kuna milipuko ya gamma-ray, miale yenye nguvu ajabu, huko angani. Inamulika sekunde chache, inapotea. Kwa miaka mingi wanasayansi walibishana, iko karibu ama mbali?

Sasa walikuwa wamegundua mlipuko ukizima unaacha mwanga hafifu, kama makaa. Ukielekeza telescope hapo, unakuta galaxy ndogo, yaani kundi la nyota, mbali ajabu. Huko ndiko ulitoka, hilo ndilo boma lake.

Mimi na classmate wangu Akinyi tukaamua hiyo ndiyo project yetu ya mashindano ya sayansi.

Baba yake alifanya kazi factory ya chai, familia ilitoka upande wa ziwa. Wakati huo watu wa kwetu, Wakipsigis, na wa kwao walikuwa wanaangaliana vibaya. Baba yangu hakupenda.

"Hakuna Mkipsigis wa kufanya na yeye?"

"Baba, Akinyi ndiye anajua hesabu."

Akavaa gumboots, akaenda zake shambani.

Tukapaka boksi ya majani chai masizi ndani. Flash ya kamera, ndio mlipuko wenyewe, tuliomba kwa mpiga picha wa mjini. Kaa la moto kwa mkebe ndio mwanga wa kubaki. Nyuma kabisa, pamba na tochi: galaxy.

Siku yenyewe, jaji akachungulia, akainuka. "Hii itasaidia mkulima wa chai na nini?"

Akinyi akajibu polepole, "Sir, mkulima pia huangalia juu. Akiuliza, tuwe na jibu."

Jaji akainama tena. Alikaa hapo mpaka kaa likazima.

Tulichukua namba moja.

Baba alikuwa ameketi nyuma, gumboots bado zina matope. Alimpa Akinyi mkono kwanza, ndio akanipa mimi. Jioni hiyo alipita soko ya Chepilat akiambia kila mtu, "Wasichana wangu wawili wameshinda."

Wawili, wakuu. Hadi leo nikikumbuka kifua kinajaa.

Chenye nilijifunza: swali kubwa halina wenyewe, na mwenzako mchague kwa kichwa chake.

Wewe je, ulipeleka project gani ikashangaza watu? Weka hapa, nitasoma zote.